Watoto wa Bibi: safari ya Abergavenny

IJUMAA

19:02 Shangazi: Assalamu alaikum nyote. Safari ya Abergavenny, mji wa Wales, ni Jumamosi ya wiki ijayo, shule zimefungwa. Nataka majina leo. Treni kutoka Cardiff ni dakika 40 hivi, lakini kwa watoto 11 naona heri magari.

19:03 Shangazi: Na msinambie tena twende baharini. Bahari wameiona.

19:41 Shangazi: Tiki za bluu nimeziona. Mmesoma. Jibuni basi.

20:15 Kaka Newport: Kuna nini huko

20:16 Shangazi: Wewe! Wiki nzima naeleza. Ngome ya William de Braose, bwana wa mpaka wa Uingereza na Wales zama za Mfalme John. Mwanao ndiye aliyepewa kazi ya shule juu ya Magna Carta, ule mkataba wa haki aliolazimishwa mfalme, akaja kuniuliza mie.

20:24 Shangazi: Nasaba yake ni hii, someni ili mtoto akiuliza msitoe macho. Baba wa babu yake, naye William, alitoka kijiji cha Briouze, Normandy. Wanormandi walipoiteka Uingereza akapewa Bramber, kule Sussex. Babu yake, Philip, akaja mpakani akazitwaa Radnor na Builth kwa watu wa Wales. Lakini mali kubwa, Brecon na Abergavenny, iliingia kwa mama. Mama yake ni Bertha, binti wa Miles wa Gloucester, mkuu wa Hereford. Kaka zake Bertha walikufa mmoja baada ya mmoja bila kuacha warithi, ardhi ikateremka kwa dada zao.

20:31 Binti wa Ami: Ujumbe huu umefutwa

20:33 Ami: Nimeuona kabla hujaufuta, mwanangu. Ni swali zuri. Mali ya upande wa mama inagawiwaje? Waulize na wa nyumba ya Malindi.

20:34 Shangazi: Kaka, siyo leo.

20:40 Dada Unguja: Bibi anauliza huko mnakokwenda kuna baridi? Watoto wavae soksi.

20:41 Shangazi: Mwambie watavaa. Mnione nimeandika MAJINA. Mpaka sasa sina hata moja.

20:58 Mjomba Leicester: Mie nipo kama kuna chakula 😋

20:59 Kaka Newport: 😂😂 Mjomba na tumbo lake

21:03 Shangazi: Mjomba umetaja chakula, basi sikiliza. Mjomba wake William, Henry, kaka yake Bertha, aliuawa. Lawama ikaenda kwa Seisyll ap Dyfnwal, bwana mmoja wa Gwent, kusini mwa Wales. Krismasi ya mwaka 1175 William akawaalika Seisyll na wakubwa wenzake kwenye ngome ya Abergavenny, kama watu wanaopatana. Wakaingia ukumbini. Milango ikafungwa, wakauawa wote, na mtoto wa Seisyll, Geoffrey, pamoja nao. Kisha watu wa William wakapanda farasi mpaka nyumbani kwa Seisyll, wakamuua mwanawe mdogo, Cadwaladr, mbele ya mama yake.

21:05 Mjomba Leicester: Astaghfirullah

21:05 Mjomba Leicester: Basi mie nakuja na biriani yangu mwenyewe kwenye chombo

21:06 Kaka Newport: 😂😂😂 na pilipili

21:06 Binti wa Ami: Mjomba jamani 😭

21:09 Shangazi: Mnacheka. Mwenyeji kuua mgeni wake ni jambo la kucheka?

21:14 Kaka Newport: Shangazi samahani, lakini mambo ya kuchinjana ndiyo tunawapelekea watoto? Mwanangu mdogo ana miaka sita.

21:20 Shangazi: Wa miaka sita nitampa hadithi ya Matilda, mke wa William. Watu wa Hay-on-Wye, mji wa mpakani, wanasema aliijenga ngome ya hapo kwa usiku mmoja, akibeba mawe kwenye upindo wa nguo yake. Kijiwe kimoja kikamwingia kiatuni, akakitupa ng'ambo ya mto, kikaangukia kijiji cha Llowes. Kijiwe chenyewe ni jiwe kubwa, na lipo kanisani hadi leo. Tukiwahi kumaliza Abergavenny tunaweza kupita Hay.

21:21 Kaka Newport: Sasa zimekuwa safari mbili

21:22 Shangazi: Na wakubwa wataambiwa na hili: mwaka 1182 watu wa Wales walirudi kulipiza, wakaiteka ngome ya Abergavenny. Gerald wa Wales, padri aliyepita huko 1188, ameandika kuwa mishale yao ilitoboa mlango wa mwaloni wenye unene wa karibu vidole vinne. Ni huyo huyo Gerald aliyemsifu William kwa ucha Mungu! Anasema akikutana na watoto njiani alikuwa anawaanza salamu ili wamjibu kwa dua. Mie hapo ndipo panaponiuma. Mikono ile ile.

21:30 Ami: Hapana la kushangaza. Mie niliitwa futari, nikapakuliwa uji na sambusa, kisha ikatolewa karatasi nitie saini. Aliyenipakulia alikuwa anatabasamu.

21:30 Ami: Miaka tisa leo.

21:31 Mjomba Leicester: Aa jamani

21:33 Shangazi: Kaka, unanifananisha na mtu aliyeua watoto?

21:34 Ami: Sikutaja jina.

21:52 Binti wa Ami: Kwa hiyo majina… mie naandika langu na la mdogo wangu

22:10 Shangazi: Ahsante mwanangu. Wawili.

JUMAMOSI

07:48 Mwana wa Kaka Newport: Shangazi shikamoo. Mwalimu anasema nieleze kwa nini Mfalme John aligombana na William de Braose. Naandika nini?

07:55 Shangazi: Marahaba mwanangu. Andika hivi. Mabwana wa mpakani walikuwa na uhuru usiopatikana Uingereza kwengine: walijenga ngome na kupigana vita bila ruhusa ya mfalme. William tena alikuwa kipenzi cha Mfalme John. Mwaka 1202, huko Mirebeau, Ufaransa, ndiye anayetajwa kuwa alimkamata Arthur, mtoto wa kaka yake mfalme. Mwaka uliofuata Arthur akatoweka mikononi mwa John. William alijua mengi. Vilevile alikuwa na deni, kwa sababu aliahidi mark 5,000, fedha za wakati ule, kwa ardhi ya Limerick, Ireland, na hakumaliza kulipa. Mwaka 1208 mfalme akataka watoto wake wawe rehani. Matilda akawajibu wajumbe kuwa hawatoi wanawe kwa mtu aliyemuua mtoto wa nduguye.

07:57 Mwana wa Kaka Newport: Halafu?

08:01 Shangazi: Wakakimbilia Ireland. Mwaka 1210 Matilda na mwanawe mkubwa walikamatwa wakitorokea Scotland. John akawafungia bila chakula mpaka wakafa. William alivuka kwenda Ufaransa amevaa kama ombaomba, akafa Corbeil mwaka 1211, akazikwa Paris. Miaka minne baadaye mfalme akalazimishwa kuikubali Magna Carta: mtu huru asikamatwe wala asifungwe bila hukumu ya wenzake au sheria ya nchi. Mtoto mwengine wa William, Giles, askofu wa Hereford, alikuwa upande wa waliomwasi mfalme.

08:02 Mwana wa Kaka Newport: Kwa hiyo alikuwa mbaya au alionewa?

08:09 Shangazi: Yote mawili. Yaandike yote mawili, usimwachie hata moja.

08:15 Mjomba Leicester: Na ukoo ukaisha?

08:18 Shangazi: Wapi. Mjukuu wake, William vilevile, alikutwa chumbani na mke wa Llywelyn Mkuu, mtawala wa Wales, akanyongwa 1230. Na bado binti wa huyo aliyenyongwa akaolewa na Dafydd, mtoto wa Llywelyn.

08:19 Kaka Newport: Harusi hiyo nani alipika 😂

10:36 Dada Unguja: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:14)

10:44 Dada Unguja: Kwa ambao hawawezi kusikiliza, maneno ya Bibi naandika kama alivyosema: "Nimesomewa yote. Mtu akila kwako ni amana yako. Watoto wapelekwe, waambiwe, wasifichwe kitu. Ila la yule mama na mwanawe kufa na njaa, asiwahadithie mtu usiku. Na futari ile, mimi ndiye niliyemwambia dada yenu aite watu. Karatasi nilikuwa nayo mimi, chini ya mkeka wangu. Yeye alipakua tu, hakujua. Amebeba neno langu miaka tisa."

10:45 Dada Unguja: Amekwenda kulala. Hataki simu.

13:20 Mjomba Leicester: 🤲

15:02 Ami: Nimekusikia, Mama.

15:40 Ami: Dada, gari langu lina nafasi sita za watoto. Nakuja Cardiff saa tatu asubuhi.

16:05 Shangazi: Ahsante kaka. Nakutilia chai.

16:06 Shangazi: Bado watoto watano hawana gari. Na Hay hatujaamua. Nani mwengine anaendesha?

18:30 Shangazi: Nani mwengine?

21:17 Kaka Newport: Jumamosi ipi vile