TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) walizima simu feki, hizi origino zisizopata apdeti vipi?

Wakuu, naomba hili tulijadili bila matusi.

Machi 2023 timu ya Project Zero ya Google inayosaka udhaifu wa kiusalama ilitangaza matundu 18 ya usalama kwenye modemu za Exynos za Samsung, yaani ile chipu inayoongea na mnara, na manne kati ya hayo yalikuwa balaa maana mdukuzi anahitaji namba yako ya simu tu, hubonyezi linki, hufungui meseji, yeye anaingia anaendesha programu yake kwenye modemu wewe umelala. Mojawapo uzembe mtupu: modemu inasoma maelezo ya simu inayoingia bila kupima urefu wa kilicholetwa, kinachozidi kinamwagikia memori ya pembeni. Ushauri uliotolewa ukawa eti zima VoLTE (kupiga kupitia 4G) na kupiga kwa Wi-Fi mpaka apdeti ya kuziba matundu ije. Kwenye orodha ya simu zilizoathirika Samsung A04, A12 na A13 zilikuwemo, na hizo Kariakoo zimejaa tele (baadhi ya A12 zina chipu ya MediaTek, siyo Exynos, cheki yako kwanza).

Sasa nenda dukani umuulize muuzaji hii simu itapata apdeti za usalama mpaka lini. Atakutajia RAM, kamera, betri 5000, tarehe hana. Shangazi yangu simu yake ukiingia setingi, Kuhusu simu, tarehe ya apdeti ya usalama imeganda 2022, na ndo hiyohiyo anafanyia miamala yote ya kikoba.

Juni 2016 TCRA walizima simu feki kwa IMEI (namba ya utambulisho ya kila simu) nchi nzima, kwa hiyo meno wanayo. Uingereza tangu Aprili 2024 sheria inamlazimisha mtengenezaji aseme apdeti zitakuja mpaka lini. Mi nasema na sisi hakuna kupitishwa simu yoyote kuingia sokoni bila tarehe hiyo kuandikwa kwenye boksi, tena kwa maandishi makubwa.

Najua mtakuja na "bei itapanda, mnataka maskini warudi kwenye vitochi". Hapana, sijasema simu za bei poa zipigwe marufuku, kuandika tarehe ni wino tu, mtu akiamua kununua ya miezi sita anunue anajua. Kinachonipa shida ni used za Dubai, zile hata boksi hazina, na ndo wengi tunazonunua. Hapo nani abebe mzigo, mwenye duka au aliyeziingiza?