Mjadala: Kaya ipimwe kwa inachokula au kwa inachomiliki?

Bin Chumbageni: Wadau, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulisema asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kilichopimwa ni matumizi. Thamani ya kiwanja, shamba au mashua haimo. Sasa mwenye nyumba tatu Raskazone hapa Tanga akiamua kula muhogo kama wale wa Makorora wanaokula kwa shida, si karatasini watalingana?

Mama Vitumbua: Wanaokula kwa shida Makorora ni nani? Nimesomesha wanne kwa vitumbua, hakuna aliyelala njaa.

Bin Chumbageni: Bi mkubwa, ulikuwa mfano tu.

Mama Vitumbua: Mbona mfano hukuutoa kwenu Chumbageni?

Mvuvi wa Deep Sea: Mama yuko sawa. Na wewe kaka, ukiacha matumizi upime mapato, utayapimaje? Mwezi ukiwa mpevu dagaa sipati. Giza likiingia, usiku mmoja unaleta cha wiki. Ukiniuliza napata ngapi kwa mwezi nitakudanganya bila kukusudia. Nilichokula jana nakikumbuka.

Mpangaji Ngamiani: Tatizo ni matajiri. Karani wa takwimu kwetu uswahilini anakaribishwa na kahawa, kwenye geti na mbwa anaambiwa bosi kasafiri. Halafu tunakokotoa ile Gini ya yule Mtaliano, kipimo cha pengo la walionacho na wasionacho, sifuri sote sawa, moja mmoja kachukua vyote, na mwenye vyote hakuhesabiwa!

Mama Vitumbua: Hata huko uswahilini wanamuuliza nani? Kwa jirani yangu alijibu baba wa familia. Mafuta, mkaa, ada ya madrasa, vyote analipa mkewe. Nani humu mwanamume anajua nazi leo Mgandini ni bei gani?

Mvuvi wa Deep Sea: Ya dagaa naijua. Nazi ananunua mke wangu.

Mama Vitumbua: Basi daftari la matumizi apewe yeye.

Mpangaji Ngamiani: Mama, mimi naishi peke yangu na nazi nanunua mwenyewe. Usitutie wote kapu moja.

Mama Vitumbua: Ndivyo tulivyotiwa sisi wa Makorora, mwanangu.

Bin Chumbageni: Jamani, na zile nyumba tatu?

Mama Vitumbua: Tuombe radhi sisi wa Makorora kwanza.