Mfumo wa SACCO, bei imefungwa kwenye mkataba: ajaili au maporomoko?

mjenzi_mifumo: Wadau, habari. Timu ina watu 6, kazi ni mfumo wa akiba na mikopo wa SACCO unaopokea marejesho kwa M-Pesa. Muda miezi 5, bei imefungwa, malipo awamu 3. Mkataba unadai hati ya mahitaji isainiwe kabla ya kuandika chochote. Nusu ya timu inataka skramu (njia ya ajaili: kujenga na kumwonyesha mteja kipande kwa kipande), nusu inataka tumalize usanifu kwanza (maporomoko: hatua moja iishe ndipo inayofuata ianze). Twende na ipi?

chati_na_tarehe: Usichague njia moja kwa mfumo mzima, gawa kazi kwa gharama ya kubadilisha. Leja (daftari la hesabu za wanachama), kanuni za riba na kuhamisha data za zamani vipangwe na kusainiwa mwanzoni. Chukua mkopo wa 120,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, miezi 12. Riba ikikokotolewa kwa mkopo wote ni 14,400. Ikifuata salio linalopungua, mtaji ukilipwa 10,000 kila mwezi, ni 7,800. Mkigundua mwezi wa 4 kwamba mlifuata kanuni isiyo ya SACCO, taarifa zote za wanachama na majaribio yote yanarudiwa. Skrini za maombi ya mkopo na ujumbe wa SMS ziende kwa sprinti (vipindi vifupi vya kujenga na kuonyesha) za wiki 2, maana hapo mteja hubadili mawazo mpaka achoke.

fundi_malipo: Naongezea: ratiba nyingi huweka M-Pesa mwishoni. Iwe sprinti ya kwanza. Mazingira ya majaribio ya Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa) mnaweza kuyatumia leo, ila kuingia hewani kunahitaji Paybill ya SACCO na idhini ya Safaricom, na hilo haliko mikononi mwenu, kwa hiyo liwekeeni tarehe na mhusika. Namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, la sivyo taarifa ya malipo kutoka M-Pesa ikija mara mbili mwanachama anaandikiwa rejesho mara mbili. Taarifa isipofika, ulizeni hali ya muamala. Msimwambie mtu alipe tena.

skramu_bila_dini: Nakubaliana na @chati_na_tarehe, kwa sharti moja. Sprinti bila mtu wa SACCO mwenye mamlaka ya kusema “hii ndiyo” ni maporomoko yaliyokatwa vipande. Andikeni kwenye mkataba: afisa mikopo mmoja, kwa muda wa saa 1 kila wiki ya pili, akiujaribu mfumo kwa kubonyeza mwenyewe. Hati isainiwe kwa kiwango cha kazi na masharti ya kukubaliwa, si vitufe. Kitu kipya kikiingia, kingine cha ukubwa uleule ambacho hakijaanzwa kinatoka. Awamu ya malipo nayo isiwe “asilimia 40 imekamilika”, kwani nani atapima? Iwe “salio za miezi 3 iliyopita zinalingana na vitabu”. Na kikao cha kila siku ni dakika 15 za timu kupanga siku. Kikigeuka ripoti kwa bosi, watu wataficha walipokwama.

(Kwa wanaomlaumu Winston Royce, anayetajwa mara nyingi kuwa chanzo cha maporomoko: andiko lake la 1970 lenyewe lilionya kwamba kwenda moja kwa moja hivyo ni hatari.)

mjenzi_mifumo: Shukrani. Mwezi wa mwisho nao?

chati_na_tarehe: Hakuna kipya kinachoingia. Mfumo wa zamani na mpya viende sambamba wiki 4, salio zilinganishwe kila jioni, na kila tofauti ipewe mtu wa kuifuatilia, hata ikiwa ni shilingi 1.