Kasha la mbao: mkia wa njiwa, fremu na paneli, au skrubu na gundi?

Patasi22: Wakuu, kasha la nguo, urefu sm 100, upana sm 45, kimo sm 45, msonobari wa mm 20. Vifaa: msumeno wa mkono, randa, patasi, jiliwa nne. Kona nizifungeje zisipasuke?

Randa_Moja: Kabla ya kona, tazama nyuzi, ile mistari ya ndani ya mbao. Ubao hutanuka kwa upana, urefu wake haubadiliki. Nyuzi za kuta zote nne zikilala mlalo kulizunguka kasha, kuta hupanda na kushuka pamoja, na hapo hata skrubu na gundi hazipasui kitu. Balaa huanza pale mbao za ubavuni zinaposimamishwa wima ili ziwe miguu, kisha ubao wa mbele wenye nyuzi za mlalo ukagundishwa juu yake. Upana wa sm 45 hucheza milimita kadhaa hewa ikibadilika. Gundi haikubali, ubao unaachia katikati. Makasha ya kale ya mbao sita yaliundwa hivyohivyo, ila kwa misumari badala ya gundi, na misumari hupinda kidogo.

KonaMraba: Kwa vifaa hivyo, mkia wa njiwa bila kusita: meno yaliyopanuka kama mkia kwenye ubao mmoja, yakiingia kwenye mapengo ya ubao wa pili. Mteremko wa ubavu wa jino 1:6 kwa mbao laini, 1:8 kwa ngumu. Mikia sita kila kona yatosha. Kata mikia kwanza, iweke juu ya ubao wa pili, uichore kwa kisu. Penseli ni nene mno. Msumeno upite upande wa taka, mstari ubaki. Patasi ipige nusu kutoka uso huu, nusu kutoka ule; ukipigilia moja kwa moja, uso wa chini utang'oka vipande.

Penye kuumiza kichwa ni gundi. Nyeupe ya kawaida huanza kushika ndani ya dakika 10 hivi, nawe una kona nne. Gundisha mbili zinazokabiliana kimshazari, zile nyingine zikiwa zimeunganishwa kavu ili mraba usipotee. Pima pembe kwa pembe: kwa vipimo vyako sm 109.7, njia zote mbili.

Seremala_Jioni: Mimi fremu na paneli, yaani ubao mwembamba (paneli) ulioshikwa na fremu pande zote. Ni nyepesi, na paneli hucheza itakavyo. Ila hesabu kazi: nguzo nne, reli nane, maana yake matundu 16 na ndimi 16 za kuingia humo, na mbele utahitaji mhimili wa kati. Mfuo wa kushikia paneli, upana mm 6, kina mm 10. Paneli ibakize mm 3 kila upande, bila tone la gundi. Na ipakwe vanishi KABLA ya kuingia kwenye fremu, la sivyo ikisinyaa utaona mstari mweupe pembeni.

Patasi22: Na skrubu? Nafikiri kuweka kipande cha wima ndani ya kila kona, nigundishe.

Randa_Moja: Hapo umerudi kwenye ugonjwa uleule, mkuu: wima juu ya mlalo. Kifunge kwa skrubu bila gundi, matundu ya kipande yawe marefu kufuata kimo. Sababu ya kukihitaji ni kweli lakini, kwani skrubu inayoingia kichwani mwa ubao hushika vibaya. Toboa kwanza, mm 2.5 hadi 3 kwa skrubu ya mm 4.

KonaMraba: Tena kona si kitu kando ya kifuniko. Papi mbili (mbao nyembamba) chini yake, zikikatiza nyuzi, skrubu ya katikati tu ikaze, nyingine kwenye matundu marefu. Paka nyuso zote mbili sawasawa, la sivyo kitapinda kama kigae.

Patasi22: Basi mkia wa njiwa. Sakafu?

Seremala_Jioni: Plaiwudi ya mm 9 kwenye mfuo, haichezi, gundisha. Ndani usipake mafuta ya kitani, harufu hukaa miezi na nguo huinyonya. Shelaki (aina ya vanishi), au uache mbao tupu. Weka mkono wa kuzuia kifuniko kisimwangukie mtoto, na komeo lolote linalojifunga lenyewe usilitumie: mtoto akijificha ndani hawezi kulifungua.

Patasi22: Komeo nimelifuta kwenye mchoro.