Wapenda farasi wa Nairobi mnapatana wapi?

Mama_Kwato: Habari zenu wadau. Nimechukua farasi jike aliyestaafu mbio, niko naye huku Kitengela sina hata mtu wa kuuliza. Juzi jioni akawa anachimba chini na mguu wa mbele, anageuka kuangalia ubavu wake, nikachanganyikiwa kabisa. Wenzangu mnapatana wapi?

saisi_wa_zamani: Pole dada, hilo ni tumbo linamuuma. Akirudia toa chakula chote umpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usingoje kukuche. Jumapili ya mbio njoo Ngong Racecourse uongee na masaisi, wale watunza farasi, mimi nilipata namba moja tu pale nikaingizwa grupu la wasap, hao wakanitumia linki ya wenye farasi wastaafu, huko nako nikapata watu wa Naivasha na Nanyuki, ni kama kamba inavutana.

Tandiko: Na ugonjwa wa farasi wa Afrika usisahau, unaletwa na visubi, vile vijidudu vidogo vya kuruka, na wanauma sana jua likizama hadi alfajiri, muingize bandani mapema na uulize chanjo. Mmoja wetu akiona dalili anatuma voisi kila grupu.

Mama_Kwato: Asanteni sana jamani, Jumapili nakuja.