Wahadhiri wa ukutubi mnachukua takwimu zetu Tabora, kisha mnatuandika ndivyo sivyo

Wanajukwaa, nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya umma mkoani Tabora, na lalamiko langu linawahusu wahadhiri wa taaluma yetu hiihii, ambao hutujia na barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, wakatukabidhi madodoso tuyagawe, wakanakili rejista zetu, kisha wasionekane tena.

Safari hii wamevuka mpaka. Mhadhiri mmoja, ambaye simtaji yeye wala chuo chake, alichukua takwimu za uazimaji wa vitabu, nasi tukamsaidia hata kusoma miandiko iliyofifia ya watangulizi wetu. Makala ilipotoka niliipata kwa kuombaomba, maana jarida lenyewe linaiuza kwa dola, na ndani yake nikakuta hitimisho kwamba wakazi wa hapa hawatumii maktaba kwa kuwa uazimaji umeshuka. Wasomaji wetu wengi ni wanafunzi wanaokuja na madaftari na vitabu vyao, kwa sababu wanachokosa nyumbani ni meza, taa na utulivu. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na unapokaribia, wengine hukosa viti wakakaa sakafuni. Mwanafunzi huyo haazimi kitabu hata kimoja, kwa hiyo kwenye rejista ya uazimaji hayumo, ingawa kwenye kitabu cha mahudhurio jina lake limejaa. Kitabu hicho kilikuwa mezani, karibu na kiwiko cha mtafiti, wala hakukiulizia. (Alichokumbuka ni kupiga picha kurasa zenye majina ya watu na vitabu walivyoazima, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.)

Simwiti mjinga. Swali lake lilitungwa chuoni, likaletwa kwetu likiwa limekamilika, na hapakuwa na mtu wa kumwambia mapema kwamba anapima kitu kisicho sahihi. Mkutubi angeshirikishwa tangu kuandaliwa kwa dodoso, au angalau angeonyeshwa rasimu, kosa hilo lisingefika hata kwa mhariri.

Tukiuliza kuhusu uandishi wa pamoja, tunajibiwa kwamba kukusanya takwimu pekee hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Ni kweli. Kanuni za Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, zinazofuatwa hata nje ya tiba, zinataka mwandishi awe pia ameshiriki kuandika au kuhakiki rasimu, ameidhinisha toleo la mwisho na kukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Lakini kanuni hizohizo zinaelekeza kwamba aliyetoa mchango mkubwa katika kupata au kufafanua takwimu apewe nafasi ya kushiriki katika hatua hizo. Ninyi mnatunyima nafasi, halafu mnatuacha kwa hoja kwamba hatukushiriki.

Naelewa kwamba mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho, na wakutubi wa vyuo vikuu nao wamo katika ngazi za kitaaluma, ilhali sisi wa maktaba za umma hatupimwi kwa makala. Basi hatugombanii vyeo vyenu. Tuna maswali yetu ambayo hakuna anayekuja kuyatafiti. Mtaala mpya ulianza kutumika shuleni 2024, na rafu zetu zimejaa vitabu vya mtaala wa zamani ambavyo bado vinasomwa na wanafunzi wa madarasa ambayo mabadiliko hayajayafikia. Tuviondoe lini, kwa kigezo gani, na nafasi ijazwe na nini wakati bajeti ya vitabu ni finyu? Swali hilo lina makala tatu ndani yake, na takwimu zake tunazo sisi.

Aliyeandika makala ile, kama anasoma hapa, namtaka amwandikie mhariri na kusahihisha hitimisho lake. Wengine mtakaofuata, barua ya mkoa itawafungulia mlango, ila madodoso yenu sitayagawa mpaka tuandikiane nani atasoma rasimu kabla haijapelekwa jaridani na nakala ya matokeo itabaki wapi.

Wenzangu wa Kigoma na Shinyanga, je, kwenu kuna mtafiti aliyewahi kukubali kuandikiana hivyo? Naomba mweke hapa maneno ya makubaliano hayo, tuyatumie.