Hosteli za Moshi zenye ngazi moja: zifungwe, au zirekebishwe watu wakiwa ndani?

Mleta mada (mchora ramani, Moshi mjini)

Ndugu wachangiaji, hoja yangu ni kwamba nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia kisha ikageuzwa kuwa hosteli ya wanafunzi, ikiwa na ngazi moja tu na nondo zisizofunguka madirishani, isiruhusiwe kupokea wapangaji wapya mpaka irekebishwe. Najua wengi hamtakubali, na baadhi yenu ni wateja wangu.

Hivi karibuni niliitwa kupima nyumba ya ghorofa mbili ambayo mwenyewe alitaka kuiongezea vyumba. Ngazi iko katikati na iko wazi, haina mlango hata mmoja unaoitenga na korido. Chini yake kulikuwa na pikipiki mbili, ambazo huingizwa ndani kila usiku kwa kuogopa wezi, na pembeni yake mtungi wa gesi wa jiko la pamoja. Nilipouliza ufunguo wa geti la ndani niliambiwa anao mlinzi, na mlinzi alikuwa ameenda dukani. Ukutani, tuseme haki, palikuwa na mtungi wa kuzimia moto, mwekundu na safi, umebandikwa karatasi ya ukaguzi.

Mtungi wa kuzimia moto unaweza kuununua asubuhi ya siku ya ukaguzi, ngazi huwezi. Moto ukianzia kwenye zile pikipiki, tundu la ngazi litakuwa dohani, moshi utapanda hadi ghorofa ya juu kabla ya waliolala kujua kuna nini, na njia pekee waliyo nayo ndiyo hiyo hiyo inayopitisha moshi. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inawapa askari wake mamlaka ya kukagua majengo, lakini mkaguzi anayefika rangi ikiwa imeshapakwa anakuta zege limekauka zamani. Jambo hili ni la kumalizwa kwenye ramani. Kanuni za Marekani, ambazo wabunifu wa nchi nyingi huziazima, kwa kawaida zinataka njia mbili za kutokea ziachane kwa umbali usiopungua nusu ya ulalo (mstari wa kona hadi kona ya mkabala) wa eneo linalohudumiwa, ili moto mmoja usizibe zote mbili. Sisi tunatoboa milango miwili kwenye ukuta mmoja na kuandika kwenye ramani kwamba njia ni mbili.

Mwenye hosteli, Longuo

Ndugu mleta mada, nakuheshimu kwa taaluma yako, ila umezungumza kama mtu asiyelipa mkopo wa benki. Kiwanja changu ni mita 15 kwa 20, na ukuta wa jirani uko karibu kiasi kwamba mtu mnene hupita kwa ubavu. Hiyo ngazi ya pili nitaiweka wapi?

Jambo la pili ni hili. Baada ya jengo la Grenfell kuungua London mwezi Juni 2017, ambako watu 72 walipoteza maisha katika jengo la ghorofa 24 lenye ngazi moja, Uingereza iliamua kwamba majengo mapya ya makazi yanayofikia kimo cha mita 18 yawe na ngazi mbili. Chini ya hapo ngazi moja bado inakubalika. Sakafu yangu ya juu kabisa haifiki hata mita 7 kutoka chini. Inakuwaje Longuo ibanwe kuliko London? Na ukinifungia hosteli, wale mabinti hawatarudi kwao. Watahamia vyumba vya uani visivyojulikana na mkaguzi yeyote, ambako hata huo mtungi mwekundu unaoucheka haupo.

Mzazi, Rombo

Mimi si mtaalamu wa majengo. Ninatoka wilaya ambayo mwezi Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 waliungua bwenini katika shule ya Shauritanga, na huku kwetu jambo hilo halijawa historia. Nilipompeleka binti yangu mjini mwaka jana nilifanya jambo moja tu: nilisukuma nondo za dirisha la chumba chake. Zilikuwa zimechomelewa pande zote nne. Mama mwenye nyumba akaniambia kwa upole, "Baba, hapa wezi ni wengi." Nilimwelewa kabisa, na bado nilimtafutia binti yangu chumba kingine.

Mleta mada

Mwenye hosteli amenibana mahali pa haki, nami nakiri. Kimo cha jengo kina maana, na kudai ngazi ya pili kwa kila nyumba ya ghorofa mbili ni kudai kisichowezekana kwenye viwanja vyetu. Kwa hiyo narekebisha hoja yangu, lakini siifuti.

Ndugu yangu ametaja nusu ya kanuni ya Uingereza. Ngazi moja inakubalika kule kwa sababu ngazi yenyewe imelindwa: imezungukwa na kuta zisizopitisha moto, milango inayoelekea humo inajifunga yenyewe na kuuzuia moto kwa muda, na ndani ya ngazi hakuhifadhiwi kitu chochote. Tena, pale ambapo mtu ana upande mmoja tu wa kukimbilia, umbali kutoka mlango wa chumba chake hadi kwenye ngazi kwa kawaida hauruhusiwi kuzidi mita 7.5. Korido niliyoipima ilikuwa na mita 14 kutoka chumba cha mwisho. Basi ambaye hana nafasi ya ngazi mbili ailinde hiyo moja: ajenge ukuta wa tofali kuitenga na korido, aweke milango ya mbao nzito inayojirudisha, ahamishe gesi na pikipiki, na geti la ndani lipate komeo linalofunguliwa kwa mkono badala ya ufunguo. Kwa nondo, fundi wa kuchomelea anaweza kugeuza fremu moja ya kila chumba iwe na bawaba na komeo la ndani lisilofikika kutoka nje. Mwizi haongezewi chochote. Kazi hizi hazihitaji hosteli kufungwa. Zinahitaji miezi ya likizo.

Mwenye hosteli, Longuo

Pikipiki zimeshatoka tangu jana, na fundi wa nondo anakuja Jumamosi. Ila nimeupima huo ukuta wa ngazi kwa futi, na unakula chumba namba 3 chote. Nina vyumba 12. Kodi ya hicho kimoja niigawe kwa wale 11, au nibebe mwenyewe, wakati jirani yangu mwenye ngazi kama yangu na mtungi wa gesi kama wangu hajaambiwa kitu na mtu yeyote?